Aulizwe Punda

Chini ya nira ya mkokoteni, pale mfupa wa bega unapokutana na mbao, ndipo mjadala huu unapoanzia. Kidonda hapo kina upana wa kiganja. Kingo zake zimekakamaa na kugeuka kijivu, katikati kuna wekundu unaochuruzika maji, na juu ya wekundu huo mtu amepaka kitu cheusi. Huenda ni oili chafu ya gari. Huenda ni majivu yaliyokorogwa na mafuta ya kupikia, au shubiri iliyopondwa, au kidonge cha binadamu kilichosagwa. Mtaani Dallas mjini Embu, kwenye njia za vumbi za Mbeere, na huko Mwea ambako mikokoteni hubeba magunia ya mpunga, rangi ya dawa hubadilika kutoka mwenye punda mmoja hadi mwingine. Mahali pa kidonda hapabadiliki.

Nitaziachia sauti tatu zijibizane. Sizipi majina, kwa kuwa si za watu watatu: ni hoja zinazosikika popote penye punda wa kazi, nami nimezivika umri na kazi ili zikabiliane ana kwa ana. Ya kwanza ni ya mzee wa Mbeere ajuaye miti, ya pili ya daktari wa mifugo, ya tatu ya kijana mwenye mkokoteni. Yangu itaingia katikati yao.

MZEE: Wanangu, kabla ya duka la kwanza la dawa kufunguliwa mjini, mifugo ya huku iliugua na ikapona. Baba zetu walijua mti wa kupe, mti wa minyoo, mti wa ng'ombe aliyekwamiwa na kondo la nyuma. Leo nasikia sijui kitu kwa sababu mti wangu hauna karatasi iliyobandikwa ubavuni?

DAKTARI: Mzee wangu, hakuna anayekudharau. Lakini mimi huitwa siku ya saba, punda ameshapakwa kila kitu na taya limeshajifunga. Ningekuwa na uwezo, ningezuia dawa hizi zote za majani mpaka zipite maabara.

KIJANA: Daktari, ukija kwangu unataka pesa ambazo punda huyu bado hajazileta. Mzee hunipa dawa, na nikikosa shilingi huniambia nitalipa siku nyingine. Punda akilala siku mbili, watoto wamelala njaa. Bishaneni wazee wangu, mimi natafuta kinachofanya kazi.

Kijana ametamka neno ninalolitetea. Dawa ya mnyama haithibitishwi na umri wake wala na kiwanda chake. Inathibitishwa na mnyama mwenyewe, akipimwa kabla ya kutibiwa na baada yake, kisha akalinganishwa na mwenzake ambaye hakutibiwa hivyo. Punda ndiye aulizwe, na anajibu kwa njia zinazoweza kuandikwa daftarini: kidonda kimepungua kwa kiasi gani, amekula nusu ya majani au yote, anakanyagaje mguu wa nyuma wa kushoto, joto la mwili wake ni ngapi. Dai hili linaonekana jepesi, lakini likifuatwa kwa uaminifu litamuudhi mzee, litamuudhi daktari, na kijana litamdai asichopenda kutoa, yaani siku za kupumzisha mnyama.

Kwanza tumtendee haki mzee. Elimu anayoisemea si porojo. Mwaka 1988 Bernard Riley na David Brokensha walichapisha kitabu cha juzuu mbili juu ya Wambeere, na juzuu nzima ya pili ni ya mimea, majina yake na matumizi yake. Mwaka 1996 mashirika ya ITDG na IIRR yakatoa jijini Nairobi mwongozo wa tiba za asili za mifugo nchini Kenya, uliotokana na maarifa ya wafugaji na wataalamu waliokaa pamoja. Watu hawakuishika miti kwa ukaidi. Mwaka 1988 serikali iliacha kumwajiri moja kwa moja kila daktari wa mifugo aliyehitimu, majosho ya kupe yakaachiwa wanavijiji, na tangu 2013 huduma hizi zimekuwa mzigo wa kaunti. Katika pengo hilo lililoachwa wazi walibaki wawili: mzee mwenye miti na muuzaji wa agroveti, duka la dawa za mifugo. Anayemlaumu kijana kwa kumwendea mzee, kwanza amwonyeshe mlango mwingine uliokuwa wazi saa kumi na mbili jioni.

Lakini kuna jambo moja kuhusu urithi huu ambalo huwa halisemwi. Mifugo ya jadi ya miteremko hii ya Mlima Kenya ilikuwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mizigo ilibebwa na wanawake, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Punda aliwahi zaidi kwa Wamaasai na Wasamburu. Katika mashamba ya Embu na Meru ni mgeni ukimlinganisha na mbuzi. Kwa hiyo dawa nyingi anazopewa leo kwa jina la mababu, mababu hawakumpa punda. Ni dawa za ng'ombe na mbuzi zilizohamishiwa kwake, na mwili wa punda si wa ng'ombe. Hacheui. Chakula chake huchachukia nyuma, kwenye utumbo mpana, na akilishwa kibaya hawezi kukitapika. Hata joto lake ni tofauti: punda mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, ilhali ng'ombe huzungukia 38.5. Mtu aliyezoea ng'ombe akimpima punda na kukuta 38.5 atasema mnyama ni mzima, kumbe punda huyo ana homa.

MZEE: Hayo ya joto nakubali, sina kipimajoto. Lakini macho ninayo. Nimemnywesha punda dawa ya mizizi nikamwona akiinua masikio. Nani ataniambia sikuona?

Uliona, mzee. Swali ni uliona nini. Mnyama hajui kama amepewa dawa, kwa hiyo wengi hudhani tiba ya mnyama haiwezi kuchanganywa na matumaini. Matumaini yapo, ila yamekaa kwa mwenye mnyama. Mwaka 2012 watafiti wa Minnesota, Michael Conzemius na Richard Evans, walichunguza mbwa wenye ugonjwa wa viungo ambao katika utafiti wa dawa walikuwa wamepewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Uzito ambao kila mbwa aliuweka kwenye mguu mgonjwa ulipimwa kwa mtambo. Wenye mbwa waliona nafuu ambayo mtambo haukuiona zaidi ya nusu ya mara zote, na madaktari wenyewe, wasomi wa kazi hiyo, nao walidanganyika mara nyingi. Kwa punda hatari hii ni kubwa zaidi, maana punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa na kupiga mateke. Punda mwenye msokoto uleule huenda akainamisha kichwa tu na kuacha kula, watu wakasema leo ni mvivu. Na magonjwa mengi huja yakaenda. Mtu huita dawa siku mnyama alipozidiwa kabisa, na baada ya kuzidiwa mara nyingi hufuata unafuu, dawa iwepo isiwepo. Hapo ndipo sifa ya miti mingi ilipozaliwa, na ya sindano nyingi vilevile.

Ndiyo maana kipimo kina thamani hata kikileta majibu yanayogombana. Chukua dawa za minyoo. Mwaka 2004 watafiti wa Kenya walitangaza matokeo ya kondoo wa Samburu waliopewa miti mitatu ya kienyeji, miongoni mwao seketeti na ule Wasamburu wanaouita mukutan. Minyoo ilipungua kwa kiasi kikubwa, ingawa miti hiyo haikuifikia dawa ya dukani, albendazoli. Mwaka huohuo Mkenya John Githiori alikamilisha utafiti wake wa uzamivu huko Uppsala, Uswidi, juu ya miti ya minyoo ya wafugaji wa Kenya. Kwa kondoo walioambukizwa mnyoo mmoja maalumu, miti aliyoijaribu, seketeti ukiwemo, haikushusha mayai ya minyoo kwa kiwango cha kumfaa mfugaji. Mtu mvivu atasema wanasayansi hawaelewani, basi kila mmoja abaki na lake. Mimi nasoma somo jingine. Mti si kidonge. Nguvu yake hubadilika kwa msimu, kwa udongo, kwa kuchemshwa na kwa gao la mkono wa anayepima. Pia minyoo ya kondoo si minyoo ya punda: wa punda wengi hujificha kwenye kuta za utumbo mpana, na majaribio yote mawili hayakumgusa punda kabisa. Anayemnywesha punda seketeti kwa sababu kondoo wa Samburu walipona, amemruka mnyama aliye mbele yake.

Sasa nigeukie mfano unaoipa tiba ya asili heshima inayostahili, nao uko Mbeere kwenyewe, juu ya miti, ndani ya mizinga. Asali ikipakwa kwenye kidonda hufanya kazi kwa njia zinazojulikana. Sukari yake hunyonya maji kutoka kwenye usaha na kutoka kwa vijidudu vyenyewe mpaka vikauke. Uchachu wake huvizuia visizaane. Kimeng'enya kilichotoka kwa nyuki hutengeneza kidogokidogo dawa ileile ya mapovu wanayotumia wauguzi kusafishia majeraha. Mwaka 2020 madaktari wa farasi nchini Israeli walichapisha jaribio la farasi 127 waliochanika na kushonwa. Kabla ya kushona, baadhi yao waliwekewa asali ya hospitali ndani ya jeraha, wengine hawakuwekewa. Walioipata walipona vizuri zaidi. Hili ni jaribio lililofanywa kwa jamaa wa karibu kabisa wa punda, juu ya tiba ambayo bibi yeyote wa Mbeere angeitambua. Kuna sharti, hata hivyo. Asali ya hospitali hupitishwa kwenye mionzi ili mbegu za vijidudu zilizolala ndani yake zife, na ya mzinga haijapitishwa. Na asali iliyoachwa wazi begani huita nzi na siafu. Kidonda lazima kioshwe kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi kwa lita, kisha kifunikwe. Juu ya yote, nira isirudishwe hapo.

DAKTARI: Asali nakubali. Na moto je? Maana nimeona punda aliyechorwa mistari ya chuma cha moto miguuni kama mkeka.

Tuna msemo kwamba dawa ya moto ni moto, na kwa punda anayechechemea umechukuliwa kama cheti cha udaktari. Hapa sioni haja ya kupepesa macho. Kuchoma mguu kwa chuma hakukuanzia kwetu peke yetu. Madaktari wa farasi wa Uingereza walikufanya kwa karne nyingi, wakiamini kwamba moto huamsha damu na kukaza kano iliyoumia. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol walitoa matokeo ya kazi ndefu juu ya kano za miguu ya farasi. Kuchoma hakukuziponya, kulimwongezea mnyama maumivu na makovu. Kilichokuwa kimewadanganya watu miaka yote ni kwamba farasi aliyechomwa hupumzishwa kwa miezi, na mapumziko hayo ndiyo yaliyomponya. Ukilitazama hilo kwa makini utaona masikitiko ya punda wa Dallas yote kwa pamoja: huchomwa, kisha kesho yake hurudishwa kwenye mkokoteni. Amepewa nusu mbaya ya tiba na kunyimwa nusu iliyofanya kazi. Na oili chafu iko katika kundi hilo. Inafukuza nzi, kweli, lakini imebeba mabaki ya madini na masizi ya injini, huunguza nyama mbichi inayojaribu kuota, na punda huilamba.

KIJANA: Basi daktari ameshinda. Nikanunue dawa ya dukani?

Hajashinda, na akiwa mkweli atasema hivyo mwenyewe. Ile dawa ya kunyunyizia kupe yenye amitrazi, iliyojaa katika maduka yetu kwa ajili ya ng'ombe, inaweza kusimamisha utumbo wa farasi na punda mpaka kinyesi kiwe kama jiwe na mnyama afe kwa msokoto. Muuzaji asiyeuliza ni mnyama gani, naye ni mganga wa kubahatisha, ila ana friji. Dawa za maumivu zinazotolewa kwa vipimo vya farasi huisha mapema katika damu ya punda. Fenilibutazoni, kwa mfano, punda huiondoa mwilini haraka zaidi, na anayefuata saa za farasi humwacha punda na maumivu katikati. Viuavijasumu hudungwa kwa kila kikohozi na kila kilema, mara nyingi na mtu ambaye Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao ya mwaka 2011 haimruhusu kushika sindano, kisha vijidudu vinazoea. Daktari anayetaka majani yazuiwe mpaka yapite maabara akumbuke kwamba sehemu kubwa ya dawa anazompa punda zilipimwa kwa wanyama wengine. Hiyo si sababu ya kuzitupa. Ni sababu ya kushusha sauti kidogo anapozungumza na mzee.

Upande wa farasi wa fahari kipimo ni hichohicho, na napita haraka kwa kuwa farasi hao ni wachache kwetu. Katika nchi tajiri, farasi wa mbio na wa kuruka vizuizi hutibiwa kwa sindano za Kichina, kwa kukandwa uti wa mgongo, kwa sumaku, kwa miale, kwa matone yaliyozimuliwa mpaka hakuna kilichobaki ndani. Watafiti wa Uppsala walipopitia maandiko ya tiba za namna hii kwa farasi na wanyama wa nyumbani, mwaka 2021 walitangaza kwamba kwa nyingi ushahidi hautoshi au haupo. Miaka minne kabla, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo cha Uingereza kilikuwa kimesema tiba ya matone hayo, homiopathia, haina msingi unaotambulika na isichukue nafasi ya tiba yenye ushahidi. Basi mzee asione kama anaonewa kwa sababu yeye ni mtu wa Mbeere.

MZEE: Kama ni haki kwa wote, nikuulize. Hao wanaotaka kunipima, si ndio watakaochukua mti wangu wakaupeleka ng'ambo? Tumeshaona gome la muiri likichunwa mlimani.

Hofu hii si ya kupuuzwa. Muiri umechunwa magome kwa ajili ya dawa za tezi dume za Ulaya mpaka biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa, na mti uliochunwa kuzunguka shina lote hufa umesimama. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotambua kwamba elimu hii ina wenyewe. Itumike. Lakini siri haimlindi mzee kama anavyodhani. Elimu isiyoandikwa wala kupimwa huzikwa pamoja na aliyeijua, na kabla ya kuzikwa huchanganyika na za walaghai wanaouza chupa sokoni kwa jina lake. Halafu kuna hatari inayotokana na nguvu ya mti wenyewe. Utupa huua kupe kwelikweli. Ni mti uleule unaotumiwa kulevya samaki mtoni. Anayemwosha punda kwa utupa kando ya mto kwa kuwa ni kitu cha asili, ataua visivyomhusu. Kipimo kingemwambia kiasi gani, na mbali na maji kiasi gani.

Na kama kuna jamii iliyolipishwa gharama ya tiba isiyoulizwa maswali, ni wenye punda wa Kenya. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, mawili ya kwanza Baringo na Naivasha, ili ngozi zipelekwe China zikachemshwe kuwa ejiao, gundi inayonywewa kwa imani kwamba hujenga damu. Ni tiba ya asili, yenye umri wa karne nyingi na heshima kubwa kwao. Punda waliibwa usiku na kuchinjwa vichakani. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban punda milioni 1.8, ya 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya, aliyewahi kuwa gavana wa Meru, alitangaza kusitishwa kwa uchinjaji huo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kuupiga marufuku barani kote uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Wengi wetu tuliuliza swali sahihi: hiyo ejiao imethibitishwa wapi kwamba inatibu, hata ilipwe kwa uhai wa punda? Aliyeuliza swali hilo hawezi kulikwepa likigeuzwa na kuelekezwa kwenye chungu chake mwenyewe.

KIJANA: Yote mmesema, ila hamjafika kwangu. Nipime, nipumzishe, nifunike kidonda. Nani atanilipa siku hizo?

Hoja ya pesa ndiyo nzito kuliko zote, na hotuba haiimalizi. Lakini tuhesabu. Mitungi minne ya maji ya lita 20 mgongoni mwa punda ni kilo 80 kabla ya kuongeza shogi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mgongo wa punda ubebe theluthi ya uzito wake, na punda wetu wa kilo 150 anafikia 50. Zile kilo 30 za ziada ndizo zinazokata ngozi, na dawa yoyote itakayopakwa jioni, ya mti au ya chupa, hufutwa na ukanda asubuhi. Nimetafuta katika majaribio yote niliyoyataja mahali ambapo kidonda kilipona huku kikisuguliwa kila siku, sikupata. Gunia kuukuu lililokunjwa mara mbili, likajazwa nyasi kavu na kushonwa chini ya nira, halina bei ya kutisha. Kuhamisha ukanda kidole kimoja mbele hakuna bei kabisa. Maji ya kunywa katikati ya safari ni dakika chache kwa mnyama ambaye siku nzima amebeba maji ya wengine. Shirika la KENDAT limefundisha mambo kama haya Mwea na kwingineko kupitia kazi yake ya Heshimu Punda. Msemo wa punda afe mzigo ufike una kasoro moja ya hesabu: mzigo wa kesho haufiki. Na siku ambazo hata baada ya hayo mnyama lazima asimame, hizo kijana asibebeshwe peke yake. Vikundi vya wenye punda vinavyochangishana kwa ajili ya mazishi na karo vinaweza kuchangia zamu, punda wa mwenzako akachukua safari zako mbili. Kaunti inayotoza ushuru kwenye soko ambako mkokoteni umefikisha mzigo ina deni hapa, na deni hilo ni daktari mmoja anayepatikana.

Yako maradhi, hata hivyo, ambayo hayasubiri daftari wala mti. Kiswahili kimempa punda ugonjwa mmoja kwa jina: pepopunda. Jina hilo limebeba nadharia ya zamani, kwamba mnyama aliyekakamaa masikio, mkia ukainuka, taya likafunga na miguu ikasimama kama ya meza, ameingiwa na kitu kisichoonekana. Kweli ameingiwa na kisichoonekana, kijidudu cha udongoni na cha kwenye samadi, kinachopenda kidonda chenye shimo kisichoingia hewa. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshindwa nacho upesi kuliko wote. Anayeziba kidonda cha kwato kwa udongo au kinyesi cha ng'ombe anakitengenezea nyumba. Dalili zikishatokea hata tiba ya gharama kubwa mara nyingi hushindwa, na sijui mti wowote uliowahi kuthibitishwa dhidi yake. Chanjo ipo, imepimwa, inafanya kazi. Katika jambo hili namwomba mzee, kwa heshima yote, asitoe dawa, atoe ushauri: mwambie kijana akachanje kabla.

MZEE: Nimekusikia. Mimi sitaacha miti yangu.

DAKTARI: Hujaombwa uiache, mzee. Tuanze na kimoja. Punda sita wa Dallas wenye vidonda vya bega. Wote tuwaoshe kwa maji ya chumvi, wote tuwawekee gunia chini ya nira. Watatu wapate asali juu yake, watatu wasipate. Nani anapata nini, tupige kura kwa mbegu za maharagwe, wewe usichague wala mimi nisichague.

KIJANA: Na tutajuaje? Huyu anasema kimepona, yule anasema bado.

MZEE: Kata uzi wa katani, mwanangu. Uzungushe pembeni mwa kidonda, ufunge fundo pale unapokutana, uuning'inize kwenye msumari mlangoni kwako. Jumamosi ijayo ukate mwingine.